Barakoa ya Kushona Nyumbani: Je, Inatulinda?

Karibu kila nyumba hapa Igalula ina barakoa ya kitambaa mahali fulani. Utaikuta imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, au ipo chini kabisa ya kikapu cha cherehani, au imekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo tangu mwaka 2021. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba korona si dharura ya dunia tena, na wengi wetu tukaziweka kando. Lakini hazikutupwa, kwa maana ni nani kati yetu anayetupa kitambaa kizima? Nimeziona zikivaliwa wakati wa kuchambua tumbaku, wakati wa kufagia ghala, wakati wa kupuliza moto wa kuni mbichi na, jambo ambalo hasa limenifanya niandike makala haya, wakati wa kumuuguza mtu anayekohoa.

Mimi ni muuguzi. Tangu siku ile nilipoombwa kuwasimamia akina mama wa kanisa letu katika kushona barakoa, nilikuwa na mashaka, na mashaka hayo niliyasema huku nikishona pamoja nao. Sikuwa na wenzetu waliosema barakoa ni upuuzi mtupu. Wala sikuwa na wale walioamini kwamba ukishaivaa umepona. Swali langu lilikuwa dogo: kitambaa hiki kinamlinda nani, na dhidi ya nini? Hadi leo swali hilo halina jibu la neno moja. Hata hivyo yako mengi yaliyojulikana tangu wakati ule, na mama mwenye watoto anastahili kuyajua.

TULIVYOANZA KUSHONA

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na siku iliyofuata ilitangazwa amri ya kufunga shule. Nyumba za ibada hazikufungwa. Hayati Rais John Magufuli alitangaza siku tatu za maombi ya kitaifa, kuanzia 17 hadi 19 Aprili, na watu waliendelea kukusanyika kumwomba Mungu. Ndipo akina mama wengi walipokaa kwenye cherehani. Kama tunakwenda kuimba na kuomba pamoja, tulisema, basi midomo ifunikwe. Barakoa za hospitali zilikuwa adimu na ghali, na hizo chache zilipaswa kuachiwa wahudumu wa afya. Sisi tulikuwa na vitenge, mashuka yaliyochakaa katikati lakini mazima pembeni, na lastiki za kuchomoa kwenye sketi kuukuu.

Wakati ule hata wataalamu walikuwa hawajaafikiana. Mwezi Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani lilikuwa bado likisema barakoa ni za wagonjwa na wanaowahudumia. Tarehe 5 Juni likatoa mwongozo mpya, likishauri watu wavae barakoa za kitambaa mahali penye maambukizi ambapo haiwezekani kukaa mbalimbali. Mama mmoja aliniuliza, "Nesi, hawa watu wanajua wanachosema kweli?" Nilimjibu kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwa na miezi sita tu duniani, na mtu anayejifunza hubadili kauli. Hakuridhika, na sikumlaumu.

Mwongozo ule ulitaka tabaka tatu. La ndani liwe la pamba inayonyonya unyevu wa pumzi, la nje liwe la kitambaa kisicholowa upesi kama poliesta, na la katikati liwe la polipropilini isiyofumwa. Neno hilo la mwisho liliwatisha akina mama mpaka nilipowaonyesha mfuko wa sokoni. Mnakumbuka mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, tukaanza kupewa ile inayoitwa mifuko mbadala. Mingi ya mifuko ile imetengenezwa kwa polipropilini isiyofumwa. Tuliikata tukaiweka katikati. Shida ilikuwa pasi: ukipitisha pasi ya mkaa iliyokolea, tabaka la katikati linayeyuka na barakoa inakuwa ngumu kama ganda la karanga.

Wenzetu wa Kenya walilazimishwa kwa sheria, na mtu aliyekutwa hadharani bila barakoa aliweza kutozwa faini ya hadi shilingi 20,000 za kwao. Kwetu haikuwa hivyo. Mwezi Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa barua ya kuwatahadharisha waumini, na tarehe 21 Februari Rais Magufuli alisema serikali haijakataza barakoa, ila watu wachague zile zinazotengenezwa hapa nchini. Basi cherehani zikalia tena. Tulifurahi kusikia kazi ya mikono yetu ikitajwa, lakini mashaka yangu yalibaki palepale, kwa sababu kushonwa nchini hakuongezi wala hakupunguzi matundu ya kitambaa.

Niseme na hili, ingawa ni kando kidogo. Neno barakoa ni la zamani pwani na Unguja, na lilikuwa jina la kifuniko cha uso cha wanawake, hasa wenye asili ya Omani. Na huku kwetu kitambaa na maradhi vimewahi kusafiri pamoja kabla ya hapo. Misafara iliyotoka pwani ikapita Tura na Rubuga kuja Tabora ilibeba amerikani na kaniki, na vitambaa hivyo ndivyo vilivyokuwa fedha ya kuwalipia wapagazi na kununulia chakula njiani. Misafara hiyohiyo ilileta ndui. Ndui ilikomeshwa kwa chanjo, mpaka mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba imetoweka duniani. Huwakumbusha wenzangu habari hiyo kila ninaposikia mtu akisema ana barakoa na kwa hiyo chanjo haimhusu.

KITAMBAA KINAZUIA NINI

Mtu akikohoa, akipiga chafya, akiimba au hata akizungumza, hutoa matone ya mate. Yapo makubwa ambayo huanguka karibu yake, na yapo madogo mno yanayobaki yakielea hewani kama vumbi unaloliona kwenye mwanga wa jua unaopenya darini. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Chembe zinazoelea na vijidudu vya kifua kikuu ndani yake zina maikroni 1 hadi 5. Mwanzoni mwa korona msisitizo ulikuwa juu ya matone makubwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi kwamba hata chembe zinazoelea huambukiza, hasa ndani ya nyumba zisizopitisha hewa.

Sasa fikirini. Kitambaa kikiwa mbele ya mdomo wa anayekohoa, matone yanatoka yakiwa bado makubwa na yenye maji, hivyo mengi hunasa. Yakishatoka na kukauka hewani yanakuwa madogo, na kitambaa cha mtu mwingine aliye upande wa pili wa chumba hakiwezi kuyakamata vizuri. Ndiyo maana kitambaa kilekile humsaidia jirani kuliko kinavyomsaidia aliyekivaa. Jaribuni kwa kioo. Vuta kioo karibu, kipulizie pumzi, kitafunikwa na ukungu. Vaa barakoa ya tabaka tatu upulizie tena, ukungu utapungua sana. Hayo ni maji yaliyobaki kwenye kitambaa. Lakini pitisha mkono juu ya shavu, karibu na pua, na huko utasikia hewa inatoka. Watafiti wa Marekani waliopima vitambaa maabara mwaka 2020 waliona kwamba nafasi hizo za pembeni zinaweza kupunguza nguvu ya barakoa kwa zaidi ya nusu. Ni kama chujio la chai lililopasuka ukingoni, ambalo hata wavu wake uwe mwembamba namna gani, majani yatapita.

Wengine hupima kwa kunusa. Wanasema, nikiivaa nasikia harufu ya dagaa wanaokaangwa, kwa hiyo haifai kitu. Kipimo hicho si sahihi, kwa sababu harufu ni gesi, na hupenya hata barakoa bora kabisa za hospitali. Kipimo cha mwanga kina maana zaidi: inyanyue uitazame kuelekea dirishani, na ukiona nuru inapita wazi kama kwenye kanga iliyofuliwa miaka mitano, hiyo iache.

Nije kwenye tafiti, kwa sababu hapo ndipo mashaka yangu yalipopata chakula.

Utafiti mmoja ulichapishwa mwaka 2015, miaka mitano kabla ya korona. Ulifanyika Hanoi, Vietnam, kwa wahudumu wa afya 1,607 wa hospitali 14. Wengine walipewa barakoa za hospitali, wengine za kitambaa, wengine wakaendelea na desturi yao ya kazi. Waliovaa za kitambaa ndio waliougua zaidi maradhi yanayofanana na mafua. Barakoa zile zilipopimwa, karibu chembe 97 katika kila 100 zilipenya kitambaa, na kwa barakoa za hospitali zilipenya 44. Nilipoisoma taarifa hiyo katikati ya msimu wetu wa kushona, niliweka mkasi chini.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 2020 watafiti walewale waliangalia tena kumbukumbu zao, wakauliza barakoa zilifuliwa wapi. Wahudumu ambao zao zilifuliwa katika dobi ya hospitali hawakuugua zaidi ya waliovaa za hospitali. Wale waliofua wenyewe kwa mkono ndio waliokuwa na hatari mara mbili. Jambo hilo sisi akina mama tunalielewa upesi kuliko maprofesa. Anayerudi zamu usiku, amechoka, ana watoto wa kulisha, atasuuza barakoa kwenye beseni kama anavyosuuza leso, kesho aivae ikiwa bado na unyevunyevu.

Utafiti mwingine mkubwa ulifanyika Bangladesh kati ya 2020 na 2021, vijijini, kwa watu wanaoishi maisha yasiyo mbali sana na yetu. Vijiji 600, watu wazima wapatao 342,000. Katika baadhi ya vijiji watu waligawiwa barakoa bure na kukumbushwa kuzivaa, na wavaaji wakapanda kutoka 13 hadi 42 katika kila 100. Mahali palipogawiwa barakoa za hospitali, wagonjwa wenye dalili waliothibitishwa kuwa na korona walipungua kwa asilimia 11 hivi, na kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60 walipungua kwa asilimia 35. Mahali palipogawiwa za kitambaa, upungufu ulikuwa kama asilimia 5, kiasi kidogo ambacho watafiti hawakuweza kukitofautisha na bahati tu.

Hizo ndizo hesabu. Sioni sababu ya kuzipamba kwa sababu tu nami nilishona. Kitambaa kilichotengenezwa vizuri hupunguza matone yanayotoka kwa aliyekivaa, na kumkinga mvaaji kwa kiasi kidogo kisichotabirika. Katika kanisa lililojaa, watu wakiimba, kidogo hicho kilikuwa na thamani, hasa kwa wazee wetu waliokaa benchi za mbele. Ningeshona tena. Ila nisingemwambia mtu hata siku moja kwamba sasa yuko salama.

KUFUA NA KUTUNZA

Kwa wanaoendelea kuzitumia, hapa sitasema mengi. Barakoa ifuliwe kila siku inapovaliwa, kwa sabuni na maji ya moto. Kama maji ya moto hayapo, ifuliwe kwa sabuni na maji ya kawaida, kisha ichemshwe dakika moja. Ianikwe juani mpaka ikauke kabisa. Ikilowa ukiwa umeivaa, badili. Kila mtu awe na yake, maana nimeona familia ya watu sita yenye barakoa mbili za kupokezana kwenda mnadani, na hiyo ni hatari kuliko kwenda bila. Mtoto wa miaka mitano au chini asilazimishwe kuvaa, na kichanga asivalishwe kamwe, kwa kuwa anaweza kukosa pumzi naye hawezi kuivua.

TUMBAKU NA MOSHI

Tabora ni mkoa wa tumbaku, na mama wa hapa ndiye anayechuma, anayepanga majani bani, na anayekaa mchana kutwa akichambua madaraja kabla ya kufunga marobota. Vumbi la jani kavu linawasha koo, na kitambaa kilichofungwa vizuri hulipunguza. Katika hilo kivaeni, ingawa kukaa nje penye upepo unaokuja mgongoni kwako kunasaidia zaidi. Lakini yule mama anayechuma majani mabichi asubuhi yenye umande, kisha jioni anatapika, kichwa kinamzunguka na miguu haina nguvu, tatizo lake halikupitia puani. Nikotini ya jani lililolowa hupenya kwenye ngozi. Barakoa haimsaidii kitu. Kinachomsaidia ni kusubiri umande ukauke, kuvaa mikono mirefu na glavu, kubadili nguo zilizolowa na kuoga mapema. Na kama ni mjamzito au ananyonyesha, kazi ya kuchuma wafanye wengine, baba akiwa wa kwanza.

Moshi wa jikoni nao ni vivyo hivyo. Una masizi membamba sana na una gesi, na gesi haizuiwi na kitenge. Nimemkuta mama amejifunga barakoa jikoni huku mtoto amelala mgongoni, pua yake wazi. Kuni kavu, tundu kubwa la kutolea moshi juu ya ukuta, na kupikia nje kiangazi, hivyo ndivyo vya kutafutwa. Barakoa ya jikoni humwondolea mama kukereka kidogo, akaendelea kukaa mahali ambapo ingefaa atoke.

MUME ANAPOKOHOA

Sasa nifike kwenye jambo lililo zito. Mama mmoja, sitamtaja, alikuja kuniona baada ya ibada ya katikati ya wiki. Alivuta kitenge chake akakaa, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nesi, ile barakoa mliyotushonea bado ninayo. Baba watoto anakohoa usiku. Mimi naivaa nikilala. Inanitosha?"

Nikamwuliza amekohoa kwa muda gani. Akahesabu kwa vidole: tangu wiki ya kwanza ya mavuno. Ilikuwa inaingia wiki ya saba. Usiku analowa jasho, na suruali zake sasa anazifunga kwa kamba. Chumba chao kina kidirisha cha upana wa tofali moja, kimezibwa kwa gunia kuzuia baridi. Na katikati yao analala mtoto wa miaka mitatu.

Akina mama, nimewaza sana juu ya wiki hizo saba. Mama huyu hakuwa mzembe. Aliona hatari, akachukua hatua aliyokuwa nayo mkononi, na kila usiku akajifunga kitambaa chake safi. Kosa lilikuwa kwamba barakoa ilikuwa imechukua nafasi ya safari ya kwenda zahanati. Ilimpa utulivu kiasi cha kusubiri wiki nyingine, na nyingine tena. Kifua kikuu huenea nyumbani zaidi katika kipindi hichohicho cha kusubiri, kabla mgonjwa hajaanza dawa. Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu duniani, na vijidudu vyake huelea hewani kwa saa nyingi katika chumba kilichofungwa. Kitambaa cha kushona nyumbani hakimkingi anayelala humo. Sisi hospitalini tunapomhudumia mgonjwa wa namna hiyo tunatakiwa kuvaa barakoa maalumu iitwayo N95, inayobana uso pande zote, na hata hiyo haivaliwi usiku kucha na mtu aliyelala.

Je, kitambaa hakina kazi yoyote hapo? Kinayo, ila kivaliwe na mwingine. Afrika Kusini, katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu sugu, watafiti walichukua hewa ya wodi wakaielekeza kwa simbilisi, wale wanyama wadogo wafananao na panya wasio na mkia. Siku moja wagonjwa walivaa barakoa za hospitali na hewa ikapelekwa kwa simbilisi 90. Siku ya pili hawakuvaa, na hewa ikapelekwa kwa simbilisi wengine 90. Walifanya hivyo kwa kupokezana kwa miezi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Waliovuta hewa ya siku zisizo na barakoa waliambukizwa 69. Waliovuta hewa ya siku za barakoa waliambukizwa 36. Mtaona mambo mawili hapo: barakoa kwa mgonjwa inasaidia kweli, na bado wanyama 36 waliambukizwa. Tena hizo zilikuwa barakoa za hospitali, si za kitenge.

Nilipokwenda nyumbani kwao kuzungumza na baba mwenyewe, nilimkuta ameketi kwenye kigoda, amejifunika blanketi mchana. Tulisalimiana, "Mwangaluka," tukaulizana habari za mvua na za watoto kama ilivyo desturi. Nilipotaja barakoa aligeuza uso. "Dada," akasema, "nikivaa hicho, kesho kijiji kizima kitajua. Avae yeye, mimi niacheni."

Hapo ndipo penye ugumu wote, na sikumbishia upesi. Wasomaji wa Mambo ya Walawi sura ya 13 watakumbuka kwamba aliyeagizwa kujifunika mdomo ni mgonjwa mwenyewe, lakini pia alitakiwa kujitangaza kuwa najisi na kukaa peke yake nje ya kambi. Watu wetu wamerithi sehemu ile ya pili kuliko ya kwanza. Mwanaume akivaa kitambaa anaona ameshatolewa nje ya kambi, basi mkewe anakivaa kwa niaba yake, kimyakimya, usiku, mahali ambapo hakisaidii. Bwana wetu aliwagusa wenye ukoma, sote tunajua. Nilimwambia baba yule kwamba sikuja kumtoa kambini. Nilimwomba afanye jambo moja kwanza, aende kutoa makohozi yapimwe, na njiani kwenye basi avae barakoa, kwa kuwa kwenye basi hakuna anayemjua na wengi wanafunika pua kwa ajili ya vumbi. Hilo alilikubali.

Yapo mengine niliyomwambia mke wake pale pale uani, na nayaandika hapa kwa ajili ya kila nyumba yenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi. Toeni gunia dirishani. Mchana mgonjwa akae nje chini ya mwembe, maana nje upepo unazimua hewa na mwanga wa jua unaua vijidudu. Alale chumba chake peke yake kama kipo, na kama hakipo, watoto ndio wahamishwe wakalale kwingine. Akohoe kwenye kitambaa chake na kitambaa hicho kichemshwe. Vyombo vya chakula havihitaji kutengwa, kwa kuwa kifua kikuu hakiambukizwi kwa sahani wala kijiko, na kumpa baba sahani yake peke yake kunamwumiza bure. Vipimo na dawa za kifua kikuu katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo. Dawa za kifua kikuu cha kawaida humezwa kwa miezi 6, na baada ya kama wiki mbili za dawa zinazofaa, kwa wagonjwa wengi uwezo wa kuambukiza wengine hupungua sana. Dirisha na dawa hufanya kazi ambayo barakoa mia moja haziwezi.

Kuhusu yule mtoto wa miaka mitatu, mama alikuwa ananiambia, "Lakini huyu hakohoi." Watoto wa chini ya miaka mitano waliolala na mgonjwa hawasubiriwi wakohoe. Chanjo ya BCG aliyopewa alipozaliwa humkinga hasa na kifua kikuu kikali cha utotoni, lakini haimkingi kabisa. Anapaswa kupelekwa kupimwa, na akionekana hana ugonjwa apewe dawa ya kuuzuia. Mama mjamzito aliye nyumba moja na mgonjwa naye aseme kliniki, na anayeishi na virusi vya UKIMWI aseme mapema zaidi ya wote.

Majibu ya baba yalikuja: ni kifua kikuu, kisicho sugu. Alianza dawa wiki hiyohiyo. Mtoto alipimwa, akakutwa hana ugonjwa, akaandikiwa dawa ya kuzuia. Fundi aliitwa kupanua kidirisha kile hadi tofali nne, na walipolalamikia baridi mwezi wa Juni walipewa blanketi na jumuiya yao. Ile barakoa ya kanisa sasa anayo baba. Huivaa siku za kufuata dawa, kwenye basi na kwenye benchi la kusubiria, na akirudi huivua getini kabla majirani hawajamwona, akaikabidhi kwa mkewe ichemshwe.